Yakub wa Lodwar

Yakub alivunjika mguu akionyesha jinsi asivyovunjika mguu.

Ilikuwa siku ya soko Mayoni, jua limeanza kulegea, wanunuzi wa kweli wameshakwenda zao na waliobaki ni wale wa kupiga soga. Yakub alikuwa amesimama juu ya meza ya Swaibu, muuza viatu vya mitumba, akisimulia kisa cha mwaka ule breki za pikapu yake zilipokatika kwenye mteremko wa Kamatira, kule njia ya Lodwar. Yeye, kwa utulivu usio wa kawaida, akafungua mlango, akasema bismillahi, akaruka, akabingirika mara moja, akasimama, akaikimbiza pikapu, akaipanda tena na kuisimamisha kwa gia. Watu wa Mayoni walikuwa wamekisikia kisa hicho mara nyingi kuliko hotuba ya Ijumaa, na walikipenda zaidi. Lakini siku hiyo Swaibu, ambaye mdomo wake haujawahi kumletea mtu heri, akauliza aliruka vipi hasa. Yakub akaonyesha. Akasema bismillahi, akaruka kutoka mezani, na mfupa wa muundi ukalia kwa sauti iliyowafanya hata wauza kuku wageuke.

Zainabu, mke wake mkubwa, alikuwa jikoni habari ilipomfikia. Aliuliza swali moja tu, kama ni kile kisa cha Kamatira. Alipoambiwa ndicho, aliepua sufuria ya maharagwe bila haraka, akafunga leso vizuri, akaenda kumchukua mumewe. Hospitalini walimpiga plasta kutoka pajani hadi vidoleni, wakamwambia akae kitako, na kama anaweza, anyamaze.

Tangu watoto wakiwa wadogo, Yakub alikuwa akipakia sukari nguru kwenye pikapu yake, akitoka Mayoni alfajiri kwenda Lodwar, na baada ya siku kadhaa akirudi na samaki wakavu wa Turkana na hadithi za kuwashibisha watu mpaka safari nyingine. Hakuuliza wanunuzi wa kule walikuwa wakiifanyia nini sukari nguru yote ile, na wanunuzi, kwa kumstahi Mwislamu, hawakumtajia pombe. Alisimulia mamba wanaovuka barabara katikati ya mji, na jua la kukaanga yai juu ya boneti, na majambazi wenye bunduki aliowalainisha kwa salamu ndefu. Watu wakampa jina, Yakub wa Lodwar. Naye akamwita fundi wa rangi, akaandikiwa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu kwa herufi nyekundu: LODWAR HAPA TU.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe zamani. Ilikuwa ya dizeli, na asubuhi za baridi ilikataa kuwaka mpaka uibembeleze: uwashe swichi, ungoje taa ndogo ya manjano izimike, ndipo ikohoe moshi mweusi wa kuwahamisha kuku wa jirani. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo aliyekaa upande huo alitoka kwa hisani ya wengine. Yakub aliipenda kuliko watu wengi.

Wake zake wawili walikuwa na dukuduku moja. Swafia, mke mdogo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Mtu anakwenda safari ya vumbi na jasho, analala ndani ya gari amekumbatia rungu, kama alivyodai mwenyewe, halafu anarudi na kanzu iliyonyooshwa mpaka mikunjo yake inaweza kukukata kidole. Na tumbo. Kila safari tumbo lilirudi limesogea mbele kidogo. Swafia akamwendea Zainabu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, kwa sababu wawili hao waliishi kama nchi mbili jirani, kwa amani na kila mmoja na upande wake.

"Mama Mubarak," alimwambia, "huko Lodwar kuna mtu ana pasi."

Zainabu alisema ameshajua. Alijua tangu tumbo.

Sasa Yakub alikuwa kitandani na mguu mweupe, na pikapu ilikuwa uani imeshapakiwa magunia ya sukari nguru, imefunikwa turubali. Mvua zilikuwa zimeanza. Sukari nguru ikinywa unyevu inageuka uji, na siafu hawahitaji mwaliko. Yakub alisema asiwe na wasiwasi mtu yeyote, yuko bwana mmoja aitwaye Mike, anakaa Makutano, kule mbele ya Kitale. Atampigia simu aje kuichukua gari.

Zainabu akasema hakuna haja ya kumsumbua bwana wa watu. Kabla ya kuolewa alikuwa akiendesha trekta la kubebea miwa kutoka mashamba ya Matungu, trela likiwa limejaa mpaka linasinzia kwenye kona, na leseni yake ameihuisha kila mwaka ingawa kwenye nyumba hii hakuna aliyewahi kumpa ufunguo wa kitu chochote chenye magurudumu. Ataipeleka mwenyewe.

Yakub alianza kutoka jasho. Akataja joto. Akataja majambazi, wale wale wa salamu ndefu, akasema siku hizi hawaitikii. Akataja mamba. Kadiri alivyotaja ndivyo Zainabu alivyozidi kuwa na hakika kwamba huko kuna mwanamke, na pengine mwanamke mwenye nyumba ya matofali. Swafia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema basi na yeye anakwenda, mtu asiende peke yake penye mamba. Yakub akawatazama, mmoja huku na mwingine kule, akaona kwamba nchi mbili zimeungana na yeye ndiye mpaka.

Mwishowe alisihi jambo moja. Wafike Makutano, wampe Mike ufunguo, wamsubiri hapo. Alisema hivyo akitazama ukuta.

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Zainabu alikaa kwenye usukani akiwa amejifunga buibui kwa pini mbili ili lisimwingilie miguuni kwenye klachi. Bungoma wakapita, Webuye wakapita, na mahindi ya Kitale yakaanza kujipanga pande zote mbili kama watu wanaongoja kiongozi aliyechelewa. Njiani walipanga watakavyomfanya mke wa tatu. Swafia alikuwa na mpango mrefu ulioanzia kwenye nywele. Zainabu alisema yeye anataka tu kuona anapika nini, hilo tumbo haliwezi kuwa la ugali na mboga. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuzungumza muda mrefu hivyo bila mtoto kuwa mgonjwa, na wote wawili waliona ajabu kwamba ilikuwa raha.

Makutano walimkuta Mike kando ya barabara, mtu mwembamba mwenye koti la ngozi lililokwisha ngozi. Aliwasalimu kwa heshima, akanyoosha mkono apewe ufunguo kama mtu anayechukua kitu chake. Akawaambia wasijali, yeye atashuka asubuhi, na wao wakapumzike kwenye chumba cha Mzee.

"Chumba cha Mzee," alirudia Zainabu.

Mike akasema ndiyo, kile cha siku zote, kwa Mama Rachael.

Swafia alijifunga leso kiunoni. Wakamfuata Mike kwenye uchochoro wa mabati, wakaingia ua uliofagiwa vizuri, na hapo akatokea Mama Rachael mwenyewe. Alikuwa bibi wa Kibukusu mwenye kitambaa cha kanisa kichwani na magoti yaliyofungwa bandeji, na alipiga hatua moja kwa pumzi tatu. Swafia alimtazama kutoka juu mpaka chini, akailegeza leso.

Waliposema wao ni wake wa Yakub, Mama Rachael aliwakumbatia, akawafungulia chumba. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, msala uliokunjwa, ubao wa drafti wenye vizibo vya soda, na juu ya dirisha pasi ya makaa imetulia kama mfalme. Kwenye msumari ukutani palining'inia aproni yenye maua ya waridi.

Swafia akauliza, kwa sauti ya chini sana, aproni hiyo ni ya nani.

"Si ni ya Mzee Yakub," Mama Rachael alisema. "Huyo mzee anapikanga chapati, mama, watu wanatoka Kapenguria juu ya hizo chapati tu. Na akimaliza anaosha vyombo, hata sufuria. Jioni anapigia wageni nguo pasi. Mungu amubariki. Mulimupata wapi?"

Swafia akaketi kitandani. Katika nyumba yao Yakub hakuwahi kuinua kikombe chake kutoka sakafuni hadi mezani. Akimaliza chai alikisogeza kwa kidole cha mguu.

Mengine yalitoka kwa Mike, polepole, maana alikuwa ameshaanza kuona kwamba amevunja kitu ambacho hakujua kinavunjika. Safari zote, kila moja, Yakub alifika hapo, akashuka, akavaa aproni. Mike ndiye aliyeshuka na pikapu mpaka Lodwar, akauza, akapakia samaki, akarudi, na jioni hiyo Yakub alimkalisha chini na kumuuliza yote aliyoyaona, kisha akayaongezea chumvi kabla hajafika Kitale. Mwaka wa kwanza kabisa Yakub alijaribu mwenyewe. Alifika kona ya kwanza ya Kamatira, akaona lori limelala bondeni magurudumu juu, akarudi kinyumenyume mlima wote mpaka juu. Mike, aliyekuwa kando yake siku hiyo, aliapa kwamba Yakub alikuwa amefumba macho.

Kwa hiyo mke wa tatu wa Yakub alikuwa Yakub mwenyewe.

"Bora angekuwa mwanamke," Swafia alisema. "Mwanamke ningejua la kumfanya."

 Zainabu alikuwa anahesabu moyoni kitu kingine. Kila safari, miaka yote hiyo, siku ile Yakub alipokuwa akiuteremka mlima huo, yeye alifunga sunna na kumwombea: Mola amshikie breki, amnyooshee kona, amwondolee malori njiani. Alikuwa ameswali mpaka magoti yakauma kwa ajili ya mtu anayesukuma chapati. Kilichomkera si uongo. Uongo wa Yakub aliuzoea kama harufu ya dizeli. Kilichomkera ni zile dua. Zote zile zilikuwa bado hazijatumika, zimelala mahali, na asubuhi, Mike alipokuja tena na mkono umenyooshwa, Zainabu aliona azitumie mwenyewe.

Mike alimwambia kwamba Kamatira haina mchezo. Zainabu akasema hata trela la miwa halikuwa na mchezo, akaketi, akangoja taa ya manjano izimike.

Barabara inatoka Makutano kwa adabu, inapanda msituni kidogo kana kwamba haina nia mbaya, halafu inaanguka. Zainabu alitia gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, kama alivyofunzwa zamani: teremka na gia ambayo ungepandia. Injini ikanguruma kwa hasira na gari likajizuia, magunia yakasogea mbele yakagonga ukuta wa kibanda cha dereva kama watu wanaotaka kuingia. Nyuma yao lori likapiga honi. Upande wa kushoto palikuwa na hewa tupu, na chini kabisa vyuma vilivyopata kutu vya kitu kilichowahi kuwa na abiria. Breki zilianza kunuka. Zainabu akaziachia, akazigusa, akaziachia. Swafia alianza Ayatul Kursi, akafika katikati akapotea, akaanza upya, akapotea palepale. Mara ya tatu aliachana nayo, akatoa kichwa dirishani akamtukana dereva wa lori kwa Kiluhya, matusi ya nyumbani kwao Navakholo yanayomtaja mtu hadi babu yake. Baada ya hapo alitulia. Lori nalo likatulia.

Walipofika chini, karibu na Chepareria, Zainabu aliegesha kando na mikono ikakataa kuachia usukani. Swafia ilibidi amng'oe kidole kimoja kimoja. Hakukuwa na ushindi kifuani mwa Zainabu; alimwona Yakub amefumba macho akirudi kinyumenyume, kijana bado, na gari aliloliuzia shamba la mama yake.

"Yakub hakudanganya kuhusu mlima," alisema. "Alidanganya kuhusu Yakub."

Ortum wakapita, Marich wakapita kati ya miamba, na milima ikabaki nyuma mara moja kama mlango uliofungwa. Ng'ambo ya Kainuk nchi ilikuwa tambarare na ya miiba, na joto liliingia ndani ya gari likaketi kati yao. Hapo ndipo injini ilipokohoa, ikavutavuta, ikafa.

Zainabu alifungua boneti. Chujio la dizeli lilikuwa na maji chini yake. Akalimwaga, lakini hewa ilikuwa imeshaingia kwenye mabomba, na dizeli haitembei penye hewa. Akalegeza skrubu ndogo kwa spana, akamwonyesha Swafia kitufe cha pampu ya mkono cha kubonyeza mpaka mapovu yaishe. Swafia akabonyeza. Mzee mmoja mchungaji akatokea na mbuzi wake mahali ambapo hapakuwa na mahali pa kutokea, akaketi kwenye kivuli cha pikapu bila kuomba ruhusa, akaonyesha magunia kwa fimbo. Zainabu akamkatia donge la sukari nguru. Mzee akaliramba, akatikisa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika, akabaki hapo hapo kuwatazama.

Swafia alibonyeza na kuzungumza. Wakirudi, alisema, atamvua Yakub nguo mbele ya soko lote. Atapanda juu ya meza ile ile ya Swaibu. Ataanza na aproni na kumalizia na macho yaliyofumbwa, na watu wa Mayoni watacheka mpaka Yakub ahamie kwao Makutano akaolewe na Mama Rachael.

Zainabu akamwambia Yakub si mwanamume wa kwanza kuogopa kitu, na akiaibishwa wataaibika wote.

"Wewe alikuoa na baiskeli ya vitunguu," Swafia alisema, bila kuinua kichwa. "Ulijua unachopata. Mimi alikuja kwetu Navakholo, akaketi kwa baba, akasimulia mto, na jangwa, na watu wanaovaa shanga mpaka kidevuni. Nilikuwa nimekataa wawili tayari. Mimi nilisema, huyu amefika mahali. Mimi, Mama Mubarak, niliolewa na Lodwar."

Mapovu yalikuwa yamekwisha. Dizeli safi ilikuwa inamtiririkia vidoleni na yeye bado anabonyeza. Zainabu alikuwa amedhani miaka yote kwamba binti huyu alifuata pikapu. Hata aliwahi kulisema hilo kisimani mbele ya watu.  Akampa spana.

"Kaza mpaka ikatae," alimwambia.

Swafia akakaza. Injini ilipowaka alicheka mpaka mbuzi wakasogea, na mzee mchungaji akaondoka na donge lake, shughuli imekwisha.

Lodwar walipokewa na mnunuzi, Akiru, mama mpana mwenye shanga shingoni na simu mbili mkononi. Aliuliza Mike yuko wapi. Walipomwambia wao ni wa Yakub, mwenye gari, alifikiri sana. Hakumjua Yakub yeyote. Kisha akakumbuka. Kumbe ni ile sauti ya simu, yule bwana wa salamu ndefu anayeuliza hali ya mbuzi mmoja mmoja. Alikuwa amedhani ni karani wa Mike.

Magunia yalipokuwa yakishushwa, Swafia alinunua yai. Akalivunja juu ya boneti saa ile jua lilipokuwa kali kabisa, wakasimama kulitazama. Yai lilitanda, likapata joto kidogo, likakusanya nzi. Halikukaangika. Mamba hawakuvuka barabara. Swafia alimwuliza Akiru habari za mamba, na Akiru akasema wako, lakini wana akili zao, wavuke barabara waende wapi.

Jioni Akiru aliwachukua kutembea nje ya mji, kwenye mto mkavu mpana kama uwanja. Wanawake walikuwa wameinama katikati ya mchanga wakichimba kwa bakuli na mikono, wengine wamezama mashimoni mpaka mabegani, wakiimba kwa zamu. Wakachimba, wakachimba, na mchanga ukawa mweusi, halafu ukalowa, halafu chini ya shimo pakatokea maji, kidogo, safi, yakijipandisha yenyewe. Mmoja akachota, akampa Swafia. Yalikuwa ya baridi.

"Hili hakulisema," Swafia alisema.

"Angelijuaje," Zainabu alimjibu. "Ni la kuona."

Walirudi na samaki, na Kamatira waliipanda kwa gia ya pili, pikapu ikilalamika kama mgonjwa anayependa kutembelewa. Makutano, Mike aliizunguka akitazama magurudumu, kisha akamwamkia Zainabu "shikamoo" ingawa walilingana umri. Mama Rachael aliwapa ile aproni ya maua wampelekee Mzee, imeanza kuchanika na yeye macho hayaoni tena kushona.

Mayoni walimkuta Yakub barazani, mguu juu ya stuli, majirani wamemzunguka. Walikuwa wameahidiwa hadithi za mke na walikuja mapema. Mike alikuwa ameshampigia simu. Ilionekana usoni, maana Yakub aliinamia plasta yake kama mtu anayesoma. Swaibu ndiye aliyeuliza, nani mwingine, kama yale ya Lodwar ni kweli.

Swafia alishuka garini, baada ya Zainabu kuzunguka na kumfungulia mlango. Akasimama mbele ya watu wote. Zainabu aliona kifua chake kikijaa, akaona Yakub akifumba macho, akajua hivyo ndivyo alivyokuwa siku ile kwenye kona.

Swafia akaitoa aproni mkobani, akaitandaza juu ya plasta.

"Baba Nadia," alisema, "ulisahau nguo yako ya kazi."

Majirani wakainua shingo. Nguo ya nini? Swafia akasema ni ya chapati. Huko safarini Yakub huwapikia watu chapati, tena huosha vyombo, na nguo hupiga pasi; sifa zake zimeenea mpaka Kapenguria. Akaishia hapo, akaingia ndani kuvua viatu.

Swaibu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Yakub alicheka naye, macho yamemlowa, kama mtu aliyengoja kunyongwa akapigwa faini. Jioni ile ile Zainabu alimwekea ungo, unga na mafuta mapajani, akamsogezea jiko, na Yakub wa Lodwar akasukuma chapati akiwa ameketi, mguu umenyooka, mbele ya watoto wake waliokuja kutazama kama sinema. Zilikuwa chapati nzuri mno. Hilo liliwakasirisha wake zake upya.

Watu walipokwisha kuondoka na watoto kutumwa dukani, Yakub alibaki akijifuta unga vidoleni.  Kisha akauliza, bila kumtazama yeyote kati yao, "Kule chini kukoje?"

Zainabu alikuwa ameandaa maneno tangu Chepareria. Alikuwa ameyapanga vizuri, yakianza na sunna na kumalizia na tumbo. Akayatafuta, akakuta Swafia ameshaketi mkekani na kuanza: mlima, honi, dereva wa lori na babu yake. Zainabu akamkosoa kuhusu kona. Swafia akamkatiza kuhusu mzee wa mbuzi. Wakaendelea hivyo, wakinyang'anyana, na Yakub aliinama mbele akisikiliza kwa mdomo uliolegea, kama walivyokuwa wakimsikiliza yeye. Hakuongeza chumvi hata mahali pamoja. Walipofika kwenye mto alimsimamisha Swafia.

"Maji yanatoka mchangani?"

"Yanatoka. Ya baridi."

Akafikiri. "Na yai?"

"Halikukaangika."

"Nilidhani lingekaangika," Yakub alisema kwa masikitiko ya kweli.

Plasta ilipotolewa, hakuna aliyezungumzia ufunguo. Ulibaki kwa Zainabu, umefungwa kwenye pindo la leso. Safari iliyofuata waliondoka watatu, Yakub amekaa katikati na fimbo kati ya magoti, akimwonyesha Zainabu mashimo aliyokwisha kuyakwepa. Alishuka Makutano, akaingia kwa Mama Rachael, na mchana uleule aliwapikia Mike na polisi wawili. Wake zake wakashuka mlima na kurudi.

Safari ya baada ya hiyo alikataa kushuka Makutano. Alisema anakwenda, safari hii ameketi upande wa mlango. Alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuanza kusimulia kitu kuhusu bei ya unga, haraka haraka, sauti ikipanda kadiri barabara ilivyozidi kuinama. Kwenye kona ya kwanza alinyamaza, akamgusa Zainabu begani, akamwambia kwa upole asimamishe. Zainabu akasimamisha, akashuka kumpisha Swafia. Swafia akashuka upande wa dereva, akazunguka, akamfungulia mlango. Yakub akateremka, akajinyoosha kanzu, akawaambia wawe waangalifu na malori, akageuka na fimbo yake akaanza kupanda mlima kwa miguu kurudi Makutano, akiwapungia mkono madereva waliompita kana kwamba barabara ni ya baba yake.

Wake zake walimtazama kwenye kioo mpaka alipopotea. Kisha Zainabu akatia gia ya pili, na hawakucheka mpaka walipoimaliza kona.